Kubadilisha Swichi ya Kikomo cha Joto Katika Tanuru la Nyumbani

Tanuru linawaka kwa dakika chache, kisha moto unazimika ilhali feni inaendelea kupuliza. Hewa inayotoka kwenye matundu inapoa, baada ya muda moto unawaka tena, na hali hiyo inajirudia usiku kucha bila nyumba kufikia joto lililowekwa. Mara nyingi dalili hii huelekeza kwenye kifaa kidogo kinachoweza kufichika kiganjani, yaani swichi ya kikomo cha joto. Watu wengi wakishasikia jina hilo hukimbilia kununua swichi mpya. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuibadilisha, lakini sehemu yake kubwa inahusu kazi inayopaswa kutangulia, kwa kuwa swichi inayokata mara kwa mara aghalabu ni nzima, na inachokisema ni kweli: ndani ya tanuru mna joto lililopita kiasi.

Ili kuelewa kwa nini, inafaa kuanza na mpangilio wa tanuru la gesi linalopasha hewa. Moto haukutani na hewa ya nyumbani. Gesi zinazotoka kwenye vichomeo hupita ndani ya kibadilisha joto, ambacho ni mkusanyiko wa mabomba au masanduku membamba ya chuma, na feni husukuma hewa ya nyumba ipite nje ya chuma hicho, ichukue joto na kulisambaza vyumbani. Hewa ikipungua, joto linakosa wa kulibeba, na chuma kinazidi kupata moto. Chuma kinachopashwa kupita kiasi, kikapoa, kisha kikapashwa tena kwa miezi, huchoka na hatimaye hupasuka, na ufa kwenye kibadilisha joto unaweza kuingiza kaboni monoksidi katika hewa ambayo watu wanaivuta wakiwa wamelala. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Swichi ya kikomo imewekwa pale ili moto uzimike kabla hali haijafika huko.

Ndani ya swichi ya kawaida ya siku hizi mna kisahani chembamba kilichotengenezwa kwa metali mbili zilizounganishwa mgongo kwa mgongo, moja ikitanuka kwa joto kuliko nyingine. Kikiwa baridi, kisahani kimebonyea upande mmoja na ncha mbili za umeme zimegusana. Joto likifika kiwango kilichopangwa, kisahani kinabinuka ghafla kuelekea upande wa pili, ukiwa karibu utasikia mlio mdogo mkavu, na kijiti kilichokigusa kinazitenganisha zile ncha. Umeme unaokwenda kwenye vali ya gesi unakatika, vichomeo vinazimika, na feni inaachwa iendelee kufanya kazi ili iondoe joto lililobaki. Kisahani kikipoa hadi kiwango cha chini zaidi, kinarudi mahali pake na moto unaruhusiwa kuwaka tena.

Matanuru ya zamani yana kifaa cha umbo tofauti: kisanduku chenye sahani ya namba inayozunguka, na nyuma yake mrija mrefu wenye utepe wa metali mbili uliosokotwa kama chemchemi. Kifaa hicho hufanya kazi mbili kwa pamoja, kuwasha na kuzima feni, na kukata moto. Sahani yake ina mishale mitatu, ambayo kwa kawaida hupangwa feni izimike kwenye nyuzi 90 hadi 100 za Farenhaiti, iwake karibu na nyuzi 120 hadi 140, na moto ukatwe karibu na nyuzi 200, yaani takriban nyuzi 93 za Selsiasi. Nitakirudia baadaye, kwa sababu kina mtego mmoja wa hatari wakati wa kukibadilisha.

Kabla ya kununua chochote, tafuta sababu ya joto kuzidi. Anza na chujio la hewa, kwa kuwa ndilo mkosaji wa kwanza katika nyumba nyingi. Lichomoe na ulitazame kwenye mwanga. Kama mwanga haupiti, hewa nayo inapita kwa shida. Chujio jipya lenye nyuzi zilizobanana mno linaweza kuleta tatizo lile lile hata likiwa safi kabisa, iwapo tanuru na mabomba yake hayakukusudiwa kwa chujio la aina hiyo. Baada ya hapo zunguka vyumbani uhakikishe kuwa matundu ya kutolea hewa yako wazi na hayakuzibwa na zulia, kitanda au kabati. Desturi ya kufunga matundu ya vyumba visivyotumika kwa nia ya kubana matumizi inazipunguzia feni na tanuru njia ya hewa, na mara nyingi ndiyo inayoanzisha ugonjwa huu.

Kisha fungua sehemu ya feni, umeme ukiwa umezimwa, na uangalie mapezi ya gurudumu lake. Kila pezi limepinda kama kijiko, na mkunjo huo ndio unaoshika hewa. Vumbi likiujaza, gurudumu linaweza kuzunguka kwa kasi yake yote na bado lisisukume hewa ya kutosha. Pitisha kidole ndani ya pezi moja: kikitoka na utando mnene wa vumbi, umekwishapata sehemu ya jibu. Kama juu ya tanuru kuna koili ya mfumo wa kupooza hewa, upande wake wa chini nao hukusanya uchafu ambao hauonekani mpaka mtu aufungulie. Sababu nyingine ni mota ya feni iliyochoka, kapasita yake iliyopungua nguvu, kasi ya feni iliyowekwa chini mno, mabomba ya hewa yaliyo madogo kuliko tanuru, au shinikizo la gesi lililozidi. Hili la mwisho liachie fundi mwenye leseni na kipimo chake.

Kipimo kimoja kinachofaa sana ni tofauti ya joto kati ya hewa inayoingia na inayotoka. Toboa tundu dogo kwenye bomba la kurudishia hewa, na lingine kwenye bomba la kutolea, mahali ambapo kibadilisha joto hakionekani moja kwa moja, la sivyo kipimajoto kitapokea mnururisho wake na kukudanganya. Acha tanuru liwake hadi joto litulie, kisha toa namba ndogo kutoka kwenye kubwa. Kibati cha maelezo kilichobandikwa ndani ya mlango wa tanuru hutaja kiwango kinachokubalika, mathalani nyuzi 35 hadi 65 za Farenhaiti, ambazo ni tofauti ya takriban nyuzi 19 hadi 36 za Selsiasi. Tofauti ikizidi namba ya juu, swichi inakata kwa haki yake, na ukiweka mpya itakata vile vile. Ziba matundu uliyotoboa kwa utepe wa alumini ukimaliza.

Hali moja haihitaji matengenezo yoyote. Umeme wa nyumba ukikatika wakati moto unawaka, feni inasimama papo hapo huku kibadilisha joto kikiwa bado na joto jingi, na joto hilo linaweza kupanda likaifanya swichi ikate. Swichi ya kujirudisha itarudi yenyewe ikipoa. Ile yenye kitufe katikati husubiri mtu aibonyeze. Ukiibonyeza mara moja na isikate tena, jambo limekwisha. Ikikata tena, usiendelee kuibonyeza kila asubuhi kama sehemu ya maisha ya kawaida.

Hapa kuna tahadhari ambayo ningependa isomwe taratibu. Karibu na vichomeo, mara nyingi juu yake au pembeni, kuna swichi nyingine inayofanana sana na hii, na kwa kawaida ina kitufe cha kubonyeza. Kazi yake ni kukata moto ikiwa ndimi zake zimetoka nje ya njia yake, jambo linalotokea pale ambapo kibadilisha joto kimeziba au kupasuka, au bomba la moshi limezibwa. Kama iliyokata ni hiyo, zima tanuru na umwite fundi. Usiichukulie kuwa swichi ya kikomo, na usibadilishane nafasi zake.

Sasa tufike kwenye kupima swichi yenyewe. Soma kwanza jinsi taa ndogo ya bodi ya kielektroniki inavyomweka kupitia kidirisha cha mlango, ulinganishe na jedwali lililo nyuma ya mlango, kwa kuwa kila mtengenezaji ana hesabu yake. Kisha zima umeme wa tanuru kwenye swichi yake au kwenye breka, funga vali ya gesi iliyo kwenye bomba linaloingia, na usubiri tanuru lipoe kabisa. Swichi yenyewe utaikuta imefungwa kwa skrubu mbili kwenye ukuta wa bati unaotenganisha vichomeo na mkondo wa hewa, au kwenye sanduku la hewa moto juu ya tanuru. Ina nyaya mbili. Chomoa waya zote mbili, weka mita yako ya kupimia umeme kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani, na uguse ncha mbili za swichi. Swichi nzima iliyo baridi inapaswa kusoma karibu na sifuri. Ikionyesha kuwa hakuna njia kabisa ilhali imepoa, na kama ina kitufe umekwishakibonyeza, imekufa. Ikisoma omu kadhaa, au namba inayopandashuka ukiitikisa kidogo, ncha zake za ndani zimeungua na inastahili kubadilishwa.

Usipime omu nyaya zikiwa bado zimeungwa, kwa maana mita inaweza kupata njia nyingine kupitia transfoma au bodi na kukupa jibu la uongo. Mwenye uzoefu wa kufanya kazi karibu na umeme anaweza kupima tanuru likiwa linafanya kazi, mita ikiwa kwenye volti za mkondo geu: katika saketi ya kawaida ya volti 24, swichi inayopitisha umeme itaonyesha sifuri kati ya ncha zake, na iliyokata itaonyesha karibu volti 24.

Kipimo cha omu hakiwezi kukuambia jambo moja, nalo ndilo zito zaidi. Swichi inaweza kuwa imegandia, ikapitisha umeme hata joto likizidi, na mezani ikasoma sifuri safi kabisa. Swichi ya namna hiyo haileti usumbufu wowote. Nyumba inapata joto na hakuna anayelalamika. Ndiyo maana jaribio la mwisho wa kazi hii, nitakalolieleza hapa chini, halipaswi kurukwa. Wapo wanaoipasha swichi kwa kikausha nywele ili wasikie mlio wake. Hilo linaonyesha tu kwamba kisahani kinasogea, wala halikuambii kinasogea kwenye nyuzi ngapi.

Kuna swichi ambazo huhitaji hata mita kuzihukumu. Itoe na uitazame kwa karibu: plastiki iliyobadilika rangi kuwa kahawia karibu na ncha moja, kibati cha waya, yaani kile kinachochomekwa kwenye ncha ya swichi, kilicholegea na kupoteza mng'ao wake, au ganda la waya lililokakamaa na kupasukapasuka. Mara nyingi kosa liko kwenye kibati kilicholegea, kwa kuwa muunganiko mbovu huzalisha joto lake wenyewe. Ukikuta hivyo, kata mwisho wa waya ulioungua na ufunge kibati kipya, maana swichi mpya iliyochomekwa kwenye kibati kile kile itaungua kama ya kwanza.

Katika kuchagua swichi mpya, kitu cha kufuata ni namba ya modeli ya tanuru, inayopatikana kwenye kibati cha maelezo, ambayo itakupa namba ya kipuri cha mtengenezaji. Namba zilizochapwa kwenye swichi yenyewe nazo zinasomeka kwa urahisi ukishazizoea. Ikiwa imeandikwa L160-30F, kwa mfano, maana yake mara nyingi ni kwamba inakata kwenye nyuzi 160 za Farenhaiti, ambazo ni nyuzi 71 za Selsiasi, na inarudi ikishapoa kwa nyuzi 30, yaani kwenye nyuzi 130 za Farenhaiti au 54 za Selsiasi. Namba zote mbili lazima zifanane na za zamani. Lazima pia zifanane urefu wa sehemu inayoingia ndani ya mkondo wa hewa, umbo la kibati cha kufungia, na aina ya kurudi, iwe ni ya kujirudisha au ya kitufe. Swichi yenye shina fupi zaidi itakaa mahali pasipo na joto lile lile na itachelewa kukata, hata kama namba yake ni sahihi.

Kishawishi cha kuchagua swichi ya nyuzi za juu zaidi ili moto usikatike ovyo ni kikubwa, hasa katika usiku wa baridi. Kikatae. Mtengenezaji alichagua namba ile baada ya kulijaribu tanuru lile, na kila nyuzi unayoongeza inachukuliwa na chuma cha kibadilisha joto. Baya zaidi ni kuunga nyaya mbili pamoja na kuiruka swichi kabisa. Nimewahi kufungua tanuru nikakuta kipande cha waya mwekundu kimeunganisha ncha mbili kwa ustadi mkubwa, kimefungwa utepe vizuri, na aliyekiweka bila shaka alikusudia kiwe cha siku mbili tatu mpaka kipuri kifike. Vumbi lililokuwa juu yake lilionyesha kwamba kilikuwa pale kwa miaka. Katika nyumba isiyo na joto, ni afadhali kulala na mablanketi kuliko na waya huo.

Kazi ya kubadilisha yenyewe ni fupi. Umeme na gesi vikiwa vimefungwa, na mita ikiwa imethibitisha kwamba hakuna volti, piga picha ya nyaya zilivyokaa, kisha zichomoe kwa kushika vibati vyake kwa koleo, wala si kwa kuvuta waya. Fungua skrubu mbili, ambazo mara nyingi zina kichwa cha pembe sita cha robo inchi, kwa bisibisi ya soketi yenye sumaku, kwa sababu skrubu inayodondoka ndani ya sehemu ya vichomeo inaweza kuchukua muda mrefu kuipata kuliko kazi nzima. Vuta swichi moja kwa moja kuelekea kwako. Ikiwa ina gasketi, angalia kama imebaki kwenye bati, uikwangue taratibu, na utumie mpya. Ingiza swichi mpya ikielekea upande ule ule, bila kugusa wala kubonyeza kisahani chake, kwa kuwa kukibonyeza kwa kidole kunaweza kuharibu kipimo chake. Kaza skrubu mpaka kibati cha kufungia kilale sawasawa kwenye bati. Ukizidisha nguvu utachakaza tundu, na swichi italegea kwa mtetemo wa feni. Rudisha nyaya. Kwenye swichi ya ncha mbili tu, haijalishi waya upi unakaa wapi, ila kila kibati kinapaswa kuingia kwa kubana. Kikae mbali na bati na mbali na vichomeo.

Kwa wenye kifaa cha zamani chenye sahani, ule mtego niliouahidi ni huu. Kifaa kipya mara nyingi huja na kiunganishi kidogo cha shaba kati ya upande wa feni na upande wa kikomo. Kama upande wa feni unatumia umeme wa nyumba, uwe wa volti 120 au 230, na upande wa kikomo unatumia volti 24, kiunganishi hicho lazima kiondolewe kabla ya kuwasha. Kikibaki, umeme mkubwa utaingia kwenye saketi ya vali ya gesi na kuiunguza. Usizungushe sahani kwa mkono bila kuishikilia, maana utausokota utepe ulio nyuma na vipimo vyote vitapotoka. Shikilia sahani kwa mkono mmoja, sogeza mshale kwa mwingine.

Fungua gesi. Ukinusa harufu yake, usiguse swichi yoyote ya umeme. Funga vali ikiwa iko karibu, toka nje na watu wote, na upige simu ukiwa mbali na nyumba. Kama hakuna harufu, washa umeme, pandisha thamostati, na uache tanuru liwake kwa dakika 15 huku ukilitazama.

Ndipo ufanye jaribio. Tanuru likiwa linawaka na feni ikipuliza, ziba njia ya hewa inayorudi kidogo kidogo kwa kipande cha kadibodi, ukikisogeza mbele ya chujio, na ubaki hapo hapo. Ndani ya dakika chache vichomeo vinapaswa kuzimika na feni kuendelea. Ondoa kadibodi, swichi ya kujirudisha itapoa na moto utarudi. Ikiwa vichomeo vinaendelea kuwaka baada ya dakika tano huku njia imezibwa, ondoa kadibodi, zima tanuru, na usilitumie hadi fundi aje, kwa kuwa ama swichi haifai, ama imeungwa mahali pasipo pake, ama vali ya gesi imegandia.

Rudia kipimo cha tofauti ya joto siku inayofuata, chujio jipya likiwa mahali pake na matundu yote yakiwa wazi. Ikiwa namba iko ndani ya kiwango cha kibati cha maelezo, andika kwa kalamu ya wino usiofutika ndani ya mlango wa tanuru: tarehe, namba ya kipuri, nyuzi za kukata, na tofauti ya joto uliyoipata. Swichi ile ya zamani iweke kwenye mfuko na uiandike kuwa ni mbovu, ili asitokee mtu wa kuirudisha mahali pake.